Ridhaa ya Mwenza: Zanzibar na Hadhi ya Nchi Ndani ya Muungano

Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitamka bungeni Dodoma kwamba Zanzibar si nchi. Kauli hiyo ilipokewa kwa hasira Visiwani, na miaka miwili baadaye Baraza la Wawakilishi likaijibu kwa njia ya sheria. Lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, na tangu hapo ibara ya kwanza ya katiba hiyo inaitaja Zanzibar kuwa nchi yenye mipaka ya ardhi na bahari yake, na ya pili inaitaja kuwa moja ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 nayo inasema Tanzania ni nchi moja. Mkaazi wa Mkoani, Pemba, anaishi chini ya katiba zote mbili kwa wakati mmoja, na katiba hizo hazipatani tangu ukurasa wa mwanzo.

Mjadala uliofuata umeendeshwa zaidi kwa hisia, na kila upande umeshika ibara yake. Makala hii inatetea hoja moja. Nchi iliyomo ndani ya muungano haipimwi kwa kiti ilichonacho huko nje. Inapimwa kwa swali la ndani: je, hadhi na mamlaka yake yanaweza kubadilishwa na mwenzake bila ya yenyewe kuridhia? Kama hayawezi, hiyo ni nchi, hata ikiwa si dola. Kwa kipimo hicho Zanzibar ni nchi, tena ina kinga ya kikatiba ambayo Scotland, inayoitwa nchi na ulimwengu mzima, haina. Udhaifu wake uko kwingine: kinga hiyo haijawahi kupata pahala pa kutetewa.

Wanaokataa wana hoja nzito. Mkataba wa Montevideo wa 1933 ulitaja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Zanzibar ilikuwa nazo zote kwa muda mfupi mno. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikaingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 mwezi huohuo, ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na kufikia tarehe 26 Aprili ilikwishaungana na Tanganyika. Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili, zilikabidhi mambo kumi na moja kwa mamlaka ya pamoja, miongoni mwake mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia na uhamiaji. Sifa ya nne ya Montevideo ikaondoka Unguja Muungano ulipoanza.

Zanzibar ilipojaribu kuirudisha kwa mlango wa nyuma haikufanikiwa. Ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992, ikalazimika kujitoa mwaka uliofuata baada ya Bunge kuona kuwa Katiba ya Muungano imevunjwa. Kisha ikaja kesi ya Serikali ya Mapinduzi dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake kumi na saba, wafuasi wa Chama cha Wananchi walioshtakiwa kwa uhaini. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, kwamba dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, na kwamba hakuna mtu anayeweza kutenda uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kesi hii hutajwa sana na wanaosema Zanzibar si nchi, lakini ina funzo jingine linalopitwa. Iliyodai kwamba Zanzibar ina hadhi ya kuhainiwa ilikuwa Serikali ya Mapinduzi yenyewe. Haikuwa ikiwatetea Wazanzibari mbele ya Bara. Ilikuwa ikitaka kuwatia hatiani Wazanzibari wenzake kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na ambalo kwa sababu hiyo halina dhamana. Washtakiwa walikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo yeyote anayeitetea hadhi ya Zanzibar, kama ninavyofanya hapa, anapaswa kukubali tangu mwanzo kwamba hadhi ya nchi si hirizi. Inaweza kumlinda raia dhidi ya mwenza mkubwa, na inaweza kutumiwa na watawala wa nyumbani kumkandamiza. Naitetea kwa sababu ya kazi yake ya kwanza tu.

Uamuzi wenyewe naukubali. Ulijibu swali la mamlaka kamili, na kwa swali hilo jibu lake ni sahihi: dola ni moja. Ninachokataa ni hatua ya pili ambayo wengi huichukua bila kuitolea sababu, kwamba kisichokuwa dola basi si nchi. Hatua hiyo haina msingi hata katika mwenendo wa mataifa. Ukraine na Belarus zilikuwa wanachama waanzilishi wa Umoja wa Mataifa mwaka 1945, zikiwa na viti vyao na kura zao, ilhali zote mbili zilikuwa jamhuri ndani ya Muungano wa Kisovieti na hakuna aliyedhani kwamba Kiev ilikuwa na sera yake ya nje. Misri na Syria zilipoungana mwaka 1958 viti vyao viwili vikawa kimoja. Zilipotengana mwaka 1961, Syria ilirejea katika kiti chake bila ya kuomba uanachama upya. Tanganyika na Zanzibar ziliunganisha viti vyao mwaka 1964 kwa kufuata mfano huohuo. Na Ufalme wa Uholanzi unajitambulisha kikatiba kuwa umeundwa na nchi nne, yaani Uholanzi yenyewe, Aruba, Curaçao na Sint Maarten, na mwenye kiti katika Umoja wa Mataifa ni Ufalme peke yake.

Michezo inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Scotland na England zilicheza mchezo wa kwanza wa kimataifa wa soka mjini Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, zaidi ya miaka mia moja na sitini tangu mabunge yao yaunganishwe, na hadi leo FIFA inavitambua vyama vinne vya soka kutoka dola moja. Zanzibar ilipokewa na Shirikisho la Soka la Afrika mjini Addis Ababa Machi 2017, ikawa mwanachama wa 55. Julai ya mwaka huohuo, mjini Rabat, uanachama huo ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba, Zanzibar Heroes wakafika fainali ya Kombe la Chalenji huko Machakos na kufungwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti. Kwa hiyo kutambuliwa na wengine kunategemea nani alifika kwanza, nani ana nguvu, na kanuni za klabu inayohusika. Ndiyo maana siwezi kuufanya utambuzi huo kuwa kipimo.

Kipimo cha ridhaa kinatokana na asili ya muungano wenyewe. Mkoa au wilaya huundwa na serikali kuu na inaweza kugawanywa au kufutwa na serikali kuu. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na hakukuwa na haja ya kuuliza kama mikoa ulikomegwa imeridhia, kwa maana ya kisheria. Mwenza katika muungano hakuundwa na muungano. Yeye ndiye aliyeuunda. Mamlaka aliyobaki nayo hakupewa na mtu, ni salio la alichokuwa nacho kabla. Kwa hiyo alama ya kuwa bado yuko, na kwamba hajawa mkoa, ni kuwepo kwa mambo ambayo mwenzake hawezi kuyagusa mpaka yeye akubali. Inasimuliwa sana kwamba Mzee Karume aliufananisha Muungano na koti, likikubana unalivua. Hati za Muungano hazina kifungu cha kuvua, na sidhani kwamba haki ya kujitoa ndiyo yenye uzito hapa. Cha kuulizwa ni kama fundi anaweza kulikata koti upya likiwa mwilini mwako, bila ya kukuuliza.

Tuanze kukitumia kipimo hicho kwa Scotland. Mapatano ya Muungano ya 1707 yaliihakikishia Scotland sheria zake, mahakama zake na kanisa lake, na mwaka 1953, katika kesi ya MacCormick, Jaji Mkuu Cooper alisema kwamba dhana ya bunge lisilo na mpaka ni ya Kiingereza na haina asili katika sheria ya katiba ya Scotland. Yalikuwa maneno mazito, lakini hayakuzuia chochote. Bunge la Scotland lililofunguliwa mwaka 1999 ni zao la sheria ya bunge la London. Kuna desturi kwamba London haitungi sheria juu ya mambo ya Scotland bila idhini ya Edinburgh, na mwaka 2016 desturi hiyo iliandikwa katika sheria. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Miller, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kwamba hilo ni jambo la siasa na mahakama haziwezi kulisimamia. Sheria ya Soko la Ndani ya 2020 ilipitishwa Scotland ikiwa imekataa. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba Bunge la Scotland halina uwezo wa kuitisha peke yake kura ya maoni ya kujitenga. Scotland inaitwa nchi kwa heshima ya historia, na wananchi wake wanastahili heshima hiyo. Lakini mbele ya sheria, ridhaa yake huombwa, na ikikosekana kazi inaendelea.

Zanzibar je? Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka mabadiliko ya mambo fulani yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote kutoka Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali. Mambo hayo yameorodheshwa katika Nyongeza ya Pili: kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, mamlaka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, na mengine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, na 1,889,773 kati yao wakiwa Zanzibar. Kwa idadi ya watu, Zanzibar ni chini ya sehemu moja ya thelathini. Hakuna nadharia ya uwakilishi wa wananchi inayoweza kueleza kwa nini sehemu ndogo kiasi hicho iwe na kura ya turufu juu ya katiba ya wote. Maelezo yanayowezekana ni haya tu: Katiba inakiri kwamba hapa kuna pande mbili zilizopatana. Ibara ya 64 inaongeza kwamba sheria ya Bunge haitumiki Zanzibar mpaka itamkwe hivyo na ihusu mambo ya Muungano. Katiba ileile inayofungua kwa kusema Tanzania ni nchi moja, ikifika kwenye mambo ya kutenda, inaitendea Zanzibar kama nchi.

Hiyo ndiyo sababu nasema Mabadiliko ya Kumi ya 2010 yalizua kelele kubwa mahali pasipostahili. Wakosoaji, wengine wakiwa wanasheria wa kuheshimiwa, walisema sehemu ya dola haiwezi kujipa hadhi kwa kujitangazia. Ni kweli, na kama kazi ya mabadiliko yale ingekuwa kujipa jina tu, yasingekuwa na uzito wowote wa kisheria. Uzito uko katika vifungu vingine. Ibara ya 2A ilimpa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya, ilhali ibara ya 2 ya Katiba ya Muungano inampa uwezo huo Rais wa Jamhuri ya Muungano kwa kushauriana na mwenzake wa Zanzibar. Ibara ya 80A iliyafunga baadhi ya mambo ya Katiba ya Zanzibar kwa kura ya maoni, maana yake hata Baraza la Wawakilishi haliwezi kuyabadilisha peke yake. Kifungu hiki cha mwisho nakiona kuwa hatua bora kabisa katika mabadiliko yote, kwa sababu kinaipeleka ridhaa kutoka kwa wanasiasa hadi kwa watu wenyewe. Kile cha 2A ni mgongano halisi baina ya katiba mbili, na ulistahili, na bado unastahili, kufikishwa mbele ya waamuzi.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kinga ya ibara ya 98 iko katika maandishi, lakini historia ya Muungano ni historia ya kinga hiyo kupitwa pembeni. Mambo kumi na moja ya 1964 yamefika ishirini na mawili. Yaliongezwa kidogokidogo: sarafu na mabenki, mafuta na gesi asilia, Baraza la Taifa la Mitihani, Mahakama ya Rufani, uandikishaji wa vyama vya siasa mwaka 1992. Kwa kila moja palikuwa na sababu yake ya kiutendaji, na baadhi ya sababu hizo zina maana. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilipovunjika lazima fedha iwe mikononi mwa mtu. Lakini mengi yaliingia katika zama za chama kimoja, wakati ambapo ridhaa ya Zanzibar haikuwa na pa kusemewa ila ndani ya vikao vilevile vilivyopendekeza.

Hati za Muungano zenyewe ziliguswa. Zilitaka mkuu wa serikali ya Zanzibar awe Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mwaka 1994, Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba yaliiondoa nafasi hiyo na kuweka mgombea mwenza. Hofu iliyokuwapo inaeleweka: katika vyama vingi Rais wa Zanzibar angeweza kutoka chama kingine, na dola ingekuwa na makamu anayempinga rais wake. Hata hivyo Zanzibar ilipoteza nafasi iliyowekwa na mapatano ya kimsingi, na wakati huo karibu wabunge wote waliopiga kura walikuwa wa chama kimoja chenye nidhamu moja. Theluthi mbili za Zanzibar zilipatikana. Kama zilikuwa ridhaa ya Zanzibar au ya chama, ibara ya 98 haina njia ya kutofautisha.

Swali hilo linanifanya niitazame Eritrea, ambako mambo yalifika mwisho mbaya. Kwa azimio la Umoja wa Mataifa la 1950, Eritrea iliingia katika shirikisho na Ethiopia mwaka 1952 ikiwa na katiba yake, bunge lake, bendera yake, serikali yake, na Kitigrinya na Kiarabu zikiwa lugha zake rasmi. Kinga zilikuwa nzuri katika karatasi. Lakini shirikisho lile halikuwa na serikali yake lenyewe: serikali ya Mfalme Haile Selassie mjini Addis Ababa ndiyo iliyobeba pia kazi za shirikisho. Palikuwa na baraza la shirikisho lenye wajumbe sawa kwa sawa kutoka pande mbili, lakini kazi yake ilikuwa kushauri tu. Bendera ya Eritrea ilishushwa mwaka 1958. Mwaka 1960 serikali yake ikabadilishwa jina na kuitwa utawala. Tarehe 14 Novemba 1962 bunge lake likalifuta shirikisho, na kwa hesabu za karatasi hiyo nayo ilikuwa ridhaa. Vita vilivyokwishaanza mwaka mmoja kabla vilidumu miaka thelathini.

Sisemi kwamba Zanzibar ni Eritrea.  Mwaka 2005 Zanzibar ilipandisha bendera yake, na Serikali ya Mapinduzi inakusanya kodi zake, inaendesha shule na hospitali zake, na inatunga sheria juu ya ardhi yake ambayo Mtanzania Bara hawezi kuimiliki kama nyumbani kwake. Ninachosema ni kuhusu muundo. Katika shirikisho lile, na katika Muungano huu, serikali ya mshirika mkubwa ndiyo iliyofanywa kuwa serikali ya pamoja. Hati za Muungano zilisema Katiba ya Tanganyika, ikifanyiwa marekebisho, iwe katiba ya muda ya Jamhuri. Ibara ya 34 ya Katiba ya sasa inaipa Serikali ya Muungano mamlaka juu ya mambo ya Muungano na juu ya mambo mengine yote yahusuyo Tanzania Bara. Kwa hiyo Zanzibar inapozungumza na mwenza wake, inazungumza na mtu ambaye pia ni msimamizi wa mali ya pamoja.

Kwa kipimo changu, nchi isiyokuwepo katika Muungano huu ni Tanganyika. Ina wabunge wanaohesabiwa kwa theluthi mbili zao, lakini haina serikali ya kusema inataka nini, haina baraza la kujadili maslahi yake peke yake, na haina katiba ya kuyaandika. Wabunge hamsini na tano waliidai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, wakaitwa G55. Nyerere aliwapinga kwa nguvu zake zote, na akaeleza sababu katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Alisema serikali moja ingeonekana kuwa Tanganyika imeimeza Zanzibar, na serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, zingekuwa mzigo mzito kwa Tanganyika na zingeuvunja Muungano. Hoja yake ya kwanza ni kukiri, kutoka kwa mtu aliyeijenga Tanzania, kwamba Zanzibar ni kitu kinachoweza kumezwa na kisichopaswa kumezwa. Hoja ya pili sikubaliani nayo. Tume tatu zilizoongozwa na majaji watatu, Francis Nyalali, Robert Kisanga na Joseph Warioba, katika nyakati tatu tofauti, zilipendekeza serikali tatu, na mapendekezo yote matatu yalikataliwa na chama tawala. Sitaki kuamini kwamba majaji wote hao hawakuipenda nchi yao.

Hata hivyo sioni kwamba serikali tatu ndizo sharti la kwanza. Katiba ya sasa ina chombo kilichotungwa kwa ajili ya ugonjwa huuhuu, na hakijawahi kutumika. Ibara ya 125 inaanzisha Mahakama Maalum ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kazi yake ni kutoa uamuzi wa usuluhishi juu ya tafsiri ya Katiba pale serikali mbili zinapokuwa na mgogoro, na uamuzi unahitaji theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Haina majaji wa kudumu, haina msajili, haina jengo. Ipo pale tu inapoitishwa, na tangu Katiba ilipoanza kutumika mwaka 1977 haijaitishwa hata mara moja.

Aliyekaribia kuiitisha ni Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe. Akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy kutoka Ghana, alitayarisha hoja za Zanzibar juu ya muundo wa Muungano ili zifikishwe mbele ya mahakama hiyo. Waraka ukafika kwanza mikononi mwa chama. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa mjini Dodoma, Jumbe alilazimika kujiuzulu nyadhifa zake zote. Rais wa Zanzibar alipoteza kazi kwa kujiandaa kwenda mbele ya mahakama iliyotajwa na Katiba, kwa ajili ya jambo lilelile ambalo Katiba ilisema lipelekwe huko. Katika kumbukumbu zote za Muungano sijui tukio linaloeleza zaidi kwa nini swali la nchi halijapata jibu. Waliofuata walijifunza, na tangu hapo kero za Muungano zimepelekwa kwenye vikao vya mashauriano, ambavyo sasa viko chini ya Makamu wa Rais. Vikao hivyo vimetatua mambo kadhaa na wanaovifanyia kazi wanastahili shukrani. Mfano mzuri ni mafuta na gesi: sheria ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie yake, na mwaka 2016 Zanzibar ikatunga sheria yake. Lakini mafuta na gesi bado yameandikwa katika orodha ya mambo ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar inafanya kwa ruhusa ya sheria ya kawaida jambo ambalo Katiba inasema si lake. Bunge lililotoa ruhusa hiyo linaweza kuiondoa kwa wingi wa kawaida wa kura. Hapo Zanzibar imefikishwa palepale ilipo Scotland.

Marekebisho ninayoyapendekeza hayahitaji kuandika katiba mpya yote. Mahakama Maalum iwe na orodha ya kudumu ya majaji walioteuliwa kabla ya mgogoro kuzuka, ili serikali isiweze kuikwepa kwa kutokuteua. Mlango wake usiwe wa serikali mbili tu. Baraza la Wawakilishi na Bunge viweze kufungua shauri kwa kura ya sehemu maalum ya wajumbe wao, kwa sababu serikali mbili zikiwa za chama kimoja hazitashtakiana, na katika miaka yote ya Muungano zimeongozwa na chama kimoja, au na vyama viwili vilivyokuja kuungana kuwa chama hicho. Mabadiliko ya mambo yaliyomo katika Nyongeza ya Pili yapitie kwenye kura ya maoni ya kila upande, kama ibara ya 80A ya Zanzibar inavyofanya kwa mambo yake ya ndani. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongoza Bunge Maalum la Katiba la 2014 ilikwishakubali kanuni hiyo ilipotaka theluthi mbili za kila upande ndani ya Bunge Maalum, na wingi wa kila upande katika kura ya maoni ambayo mpaka leo haijapigwa.

Nimepingwa kwa hoja kwamba mahakama yenye wajumbe sawa na kanuni ya theluthi mbili kwa kila upande itakwama, na kwamba chombo kinachokwama si mahakama. Naitambua hatari hiyo. Lakini mkwamo katika jambo kama hili una maana yake ya kisheria: hali iliyopo inabaki, mwenye kutaka mabadiliko hajayapata, na anarudi kumshawishi mwenzake kwa sababu bora zaidi. Chini ya utaratibu huo orodha ya mambo kumi na moja isingefika ishirini na mawili kimyakimya. Baadhi ya yaliyoongezwa yangeongezwa vilevile, nadhani sarafu mojawapo, baada ya Zanzibar kusema inataka nini kama fidia na kupewa jibu mbele ya hadhara. Mengine yasingepita. Na Waziri Mkuu anayesimama Dodoma kulijibu swali lilelile la 2008 angekuwa na hukumu ya kuisoma, iliyoandikwa na majaji wa pande zote mbili.